Siku ya Kula

Kijana aliyeshika kipaza sauti siku tulipomzika Zabloni alikuwa na Kiswahili kilichopigwa pasi. Kila r ilikaa mahali pake na kila l mahali pake, hakuna iliyovuka mpaka. "Waombolezaji, tafadhali rudini kwenye viti vyenu, ratiba inaendelea," alisema, nami nikakaa pale nimemkasirikia kama mtu aliyenikanyaga kidole, ilhali hakuwa amenikosea lolote. Baadaye wakasoma historia ya marehemu. Walisema alikata miwa, akapakia miwa, akalinda stoo ya mbolea hadi akastaafu, akawa mzee wa kanisa asiyekosa ibada, na kwamba "pia aliwahi kuigiza katika filamu." Basi, sentensi moja, halafu wakaingia kwenye wajukuu. Mama mmoja mbele yangu akamgeukia mwenzake: "Filamu gani?" Mwenzake akasema, "Si ni zile za kanisa? Za Yona na samaki." Nilitaka kusimama juu ya kiti changu niwaeleze wote, lakini kiti kilikuwa cha plastiki na mimi siku hizi nina uzito wa kufanya kiti kama hicho kiandike barua ya kujiuzulu. Nikakaa kimya. Tangu siku hiyo ukimya ule unaniwasha kama upupu, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule ambao mimi na Zabloni tulikuwa wanafunzi wa shule ya jioni pale Shianda. Ya nyumbani kwetu nayaruka, hayana sinema ndani yake. Nilikuwa msichana wa cherehani, mwembamba kuliko uzi niliokuwa nikishonea (mnaweza kukataa, picha ninazo), na chumba changu cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la kuuza mahindi, kwa hiyo kila gauni lililotoka mikononi mwangu lilikwenda kwa mwenyewe likinuka unga. Jioni nilifunga cherehani, nikala muhogo wa kuchemsha nikiwa njiani, nikaingia katika darasa la watoto wa shule ya msingi ambako watu wazima tulikuja kutafuta kile kilichotupita tukiwa wadogo. Madawati yalikuwa ya watoto wa miaka minane. Zabloni, ambaye Mungu alipokuwa akimuumba alisahau kusimama, alikaa magoti yakiwa karibu na masikio, na akikohoa dawati lilihama naye. Karabai ilining'inia juu ya meza ya mwalimu ikivuma, na wadudu wote wa kaunti ya Kakamega walikuwa wamejiandikisha nasi, tena walihudhuria kutushinda.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa Mwalimu Ainea, mtu mwembamba mwenye chaki hadi kwenye nyusi, na vita vyake vya maisha vilikuwa kati ya l na r. Sisi wa huku herufi hizo mbili tumezilea kama mapacha, ukimwita huyu anaitika yule. Lakini Zabloni alizidi. Kwake r haikuzaliwa kabisa. Jina langu mimi ni Rispa, na tangu siku ya kwanza yeye aliniita Lisipa, nami nikaitika, kwa sababu aliliita kwa furaha kuliko mama yangu mzazi.

"Zabloni, simama," Mwalimu Ainea alimwambia jioni moja. "Soma hiyo sentensi ya ubaoni."

Zabloni akainuka, na dawati likainuka naye. "Wananchi walijitokeza kupiga kula."

"Kura."

"Kula."

"Kura, Zabloni. Kula ni kutia kitu mdomoni. Kura ni kuchagua viongozi. Ni vitu viwili tofauti!"

Zabloni alitazama ubao, akatazama darasa, akamtazama mwalimu kwa heshima zote. "Mwalimu," akasema, "kwani hapo nimedanganya wapi?"

Tulicheka hadi karabai ikapepesuka. Mwalimu Ainea mwenyewe aligeukia ubao akajifanya anafuta, lakini mabega yalimshuhudia. Toka jioni hiyo ikawa salamu yetu ya darasa. Mtu akichelewa aliulizwa kama alikuwa amekwenda kupiga kula.

Ni lazima niieleze sauti ya Zabloni, kwa kuwa kisa chote kimekaa hapo. Alipomsalimu mtu sokoni Shianda, kuku wa kule Matungu waliamka. Kwenye matanga hakuna aliyekodi vipaza sauti kama yeye yupo. Alisimama tu kando ya kaburi akatangaza nani anafuata kuongea na nani aache kuongea, na hata maiti, ninaapa, ilinyamaza zaidi. Alikuwa akiishi Matungu na mama yake, ambaye macho yalikuwa yamemzima kabisa kitambo. Jioni akitoka kazini au darasani, Zabloni alipita barabara ya katikati ya miwa, na akifika pale njia inapokata kushoto alipaza sauti mara moja: "Mama, nakalibia!" Mama yake, ambaye hakuona jua wala mwezi, alipoisikia alitia kuni na kuteleka maji ya obusuma, ugali wetu. Zabloni akiingia mlangoni, maji yalikuwa yakitokota. Nimeliona hilo kwa macho yangu, kwa sababu mara nyingi nilikwenda kula kwao na nikamkuta mama ameshika mwiko tayari. "Saa sihitajingi," aliniambia. "Saa yangu ina miguu, inakujanga yenyewe."

Basi katikati ya mwaka huo ndipo wakaja watu wa filamu. Mkubwa wao alikuwa Mzungu mrefu aliyeitwa Matiasi, kutoka nchi ambayo alisema jua huzama watu wakiwa bado kwenye chakula cha mchana. Alikuwa na roho nzuri, hilo niliandike mapema kabla sijamsema. Alikuwa amekasirishwa na makampuni makubwa ya dunia yanayonyonya wakulima, alikasirika kwelikweli, hadi akizungumza shingo ilikuwa nyekundu kama nyanya, na akaamua kutengeneza kichekesho cha kuyaumbua. Watu wangevaa mavazi ya wanyama. Fisi angekuwa mkurugenzi wa kampuni, mbweha na nguruwe wangekuwa wanabodi, na wakulima wangekuwa sungura. Aliandamana na mama mmoja mtanashati kutoka Nairobi, mshauri wa lugha, ambaye sisi tulimbatiza Madam Lugha. Yeye ndiye aliyeyageuza maneno ya Matiasi kuwa Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa safi kiasi kwamba uliogopa kukikanyaga na viatu. Walikodi stoo tupu karibu na soko, wakauliza fundi ni nani, wakaletwa kwangu.

Nilishona wanyama wengi mwaka huo kuliko Nuhu alivyowapakia. Masikio ya sungura niliyatengeneza kwa waya na magunia, hadi ndoto zangu zikawa na masikio marefu. Fisi nilimtoa katika mablanketi mawili ya kijivu, nikamchora madoa kwa rangi ya viatu, nikamvika koti na tai. Zabloni aliingia chumbani kwangu jioni moja kunipitia twende darasani, akaliona vazi limetundikwa, na kabla sijasema neno alikuwa amelivaa. Lilimkaa kama ngozi ya kuzaliwa nayo. Kisha akacheka kicheko cha fisi. Mwenye duka la mahindi alifunga duka akakimbia. Na Matiasi, ambaye alikuwa anakuja kuangalia kazi, alisimama mlangoni mdomo wazi, akamshika Zabloni mkono asiuachilie, akisema kwa Kiingereza neno moja mara nyingi: huyu, huyu, huyu.

Hivyo ndivyo mkata miwa wa Matungu alivyokuwa mkurugenzi. Habari ilifika kwao kabla yake. Nilikuwepo alipomweleza mama yake, tumekaa karibu na jiko tukila mboga za kienyeji. Mama aliacha kutafuna.

"Filamu ni ile watu wanaangalianga?"

"Ndiyo, Mama."

"Sasa mimi nitaangalia na nini?"

"Utasikia, Mama. Mimi ndiye mkubwa wa wote, naongea toka mwanzo mpaka mwisho. Utanisikia kama kwa ledio."

Mama alifikiri, kisha akacheka kidogo peke yake. "Basi kwangu itakuwa sawa na ya wenye macho," akasema. "Hata zaidi. Wao wataona blanketi, mimi nitasikia mtoto." Kuanzia siku hiyo aliisubiri filamu kama wengine wanavyosubiri mvua. Alimwambia kila aliyepita njia. Aliomba nimshonee nguo ya kwenda kuisikia, na nikamshonea, ya samawati, ingawa samawati yenyewe ilibidi nimweleze ni ipi.

Sasa kuna jambo ambalo Matiasi hakulijua, na katika watu wote aliowauliza maswali hakuna aliyefikiri kumwambia, kwa sababu ni kama kumwambia mtu kwamba maji yanalowesha. Kwao huenda sungura ni kiumbe mpole wa kubebwa kifuani. Kwetu sungura ndiye mwizi mkuu wa akili. Hakuna mtoto wa huku aliyewahi kulala bila kusikia jinsi sungura alivyomfunga fisi kamba, au alivyomuuzia fisi mama yake mwenyewe. Na huyu mtu alitaka sungura walime, wanyang'anywe, walie. Walime nini? Karoti! Hapa Shianda, ambako ukitema mate unapiga muwa, alileta karoti kwa pikapu na kuzichomeka ardhini moja moja kama mishumaa ya keki. Wiki hizo tulikula karoti nzima nzima, mbichi na za kupika, hadi ng'ombe wetu wakatuonea wivu.

Wakati wa chakula, wakulima waliovaa masikio yangu walikaa kwenye magunia mle stoo, sahani za wali na maharagwe mapajani, wakijadiliana. Nilikuwa nashona masikio yaliyong'oka, nasikia kila kitu.

"Lakini hii hadithi siielewi. Sungura anamlimianga fisi tangu lini?"

"Ngoja. Sungura ako na mpango."

"Mpango gani? Mimi ni sungura na sijaambiwa."

"Si ndio ujanja wenyewe? Ukiambiwa wewe, na huo mdomo wako, fisi atajua kabla ya jioni."

"Ah. Kumbe."

Wakaendelea kula wakiwa wameridhika, kila mmoja akiamini kwamba mahali fulani katika zile karatasi za Matiasi kuna ukurasa ambapo sungura anageuka. Mimi pia niliamini. Nilikuwa nimeushonea ukurasa huo mfuko wa siri katika vazi la sungura mkubwa, ili ukifika asikose mahali pa kuficha kisu au funguo.

Kisha ikaja siku ya mkutano wa wenye hisa. Katika hadithi, fisi amekula karoti zote za akiba, lakini ili achaguliwe tena lazima sungura wapige kura, nao kwa ujinga wanamchagua. Stoo ilijaa masikio. Taa zilikuwa kali hata rangi ya viatu ikaanza kumtiririka Zabloni shingoni. Akapanda juu ya meza, akapanua mikono, na kwa sauti ile ya kuamsha Matungu akasema:

"Ndugu zangu wenye hisa! Leo ni siku ya kula! Kalibuni nyote, mjipange foleni, tupige kula!"

Kwanza watu wote wakavuta pumzi. Halafu stoo ikalipuka. Wakulima walishikana wasianguke. Mzee mmoja alivua masikio akajipangusa machozi nayo. Wanawake walipiga vigelegele. Mtu alipayuka kutoka nyuma, "Mheshimiwa, sisi tunapiga na wewe unakula!" na Zabloni, bila kupoteza pumzi, akamjibu kutoka mezani, "Ndiyo maana mimi ni mnene!" Sijawahi, katika miaka yangu yote, kusikia kampuni ikiumbuliwa namna ile. Fisi alisema ukweli wake wote kwa kukosea herufi moja. Kama Matiasi angekuwa na sikio la Kiswahili hata la kuazima, angeanguka kifudifudi na kushukuru.

Lakini alipiga kelele: "Kata!" Sungura hawakutakiwa kucheka. Sungura walitakiwa kusikitika. Wakarudia. Zabloni akasema vilevile, watu wakacheka zaidi, kwa kuwa sasa walikuwa wanaingoja. Wakarudia tena. Shingo ya Matiasi ikawa nyanya. Nafikiri alidhani tunamcheka yeye. Madam Lugha akamsogelea akamnong'oneza, nami nilikuwa karibu na sindano yangu nikasikia: kwamba muigizaji ana tatizo la matamshi, kwamba watazamaji watadhani ni kosa, kwamba linaweza kurekebishwa baadaye Nairobi. Matiasi akaitikia kwa kichwa, akamshukuru. Hapo nikaingiwa na ujasiri wa shule ya jioni. Nilikuwa na Kiingereza cha kama kikombe kimoja, nikakimimina chote. Nilimwambia Matiasi: bwana, hapa kwetu, kupiga kura ni kula, ndiyo sababu tunacheka, usiondoe, hiyo ndiyo filamu. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kwa adabu nyingi. Kisha akatazama saa yake, akanipigapiga begani, akasema chakula kiko njiani.

Waliendelea kurudia hadi jua likageuka na wakulima wakachoka. Hakuna kichekesho kisichochoka kikichapwa hivyo. Mara ya mwisho Zabloni aliposema, watu walisimama tu, nyuso zimeanguka, masikio yameanguka, njaa imeuma. Matiasi akapiga makofi. Alikuwa amepata huzuni yake.

Miezi ikapita. Zabloni alikuwa mtu mwingine, mrefu zaidi, kama hilo liliwezekana. Darasani alitusimulia mipango: akishasikika huko nje ataitwa kwenye redio, atakuwa mtangazaji wa mpira, mimi nitakuwa mshonaji wake. "Lisipa, jiandae," aliniambia, "utashonea watu wakubwa." Matangani alitangaza marehemu kisha akatangaza filamu. Na kila jioni pale njia inapokata kushoto, sauti, na maji jikoni.

Filamu ilioneshwa alasiri moja ya Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Matiasi alikuwa amesharudi kwao. Alimtuma Madam Lugha na mashine. Watu walijaa hadi wengine wakakaa kwenye madirisha nyuma ya mablanketi, wakisikiliza tu. Mama wa Zabloni nilimkalisha karibu nami katika nguo yake ya samawati, mikono juu ya mapaja, kichwa kimeinama upande kama kuku anayesikiliza. Zabloni alisimama ukutani mbele, asingeweza kukaa. Fisi alipotokea, ukumbi mzima ulipasuka kwa jina lake. Mama alinishika mkono. Fisi akafungua mdomo.

Ilitoka sauti ya mtu mwingine. Ilikuwa nzuri, nyororo, sauti ya mtu aliyelelewa na maikrofoni. "Ndugu zangu wenye hisa," ilisema, na kila herufi ilikuwa imevaa tai. Makelele yalikatika kama uzi. Nilimtazama Zabloni ukutani. Mwanga wa filamu ulikuwa ukimpiga usoni, na mdomo wake, naomba mniamini kwa hili kwani si chumvi, ulikuwa ukienda pamoja na mdomo wa fisi, akisema maneno yake mwenyewe bila kutoa sauti.

"Zabloni anaingia saa ngapi?" mama akaniuliza.

"Ameingia, Mama. Ndiye huyu anayeongea."

"Huyu?" Akasikiliza. "Huyu si Zabloni. Huyu ni mtu wa taarifa ya habari."

"Mwili ni wake, Mama. Wamemtia sauti ingine."

Fisi akaendelea kuhutubia. Kisha mama akauliza polepole, bila hasira, kama mtu anayeulizia sufuria iliyoazimwa: "Na yake wameiweka wapi?"

Aliendelea kusikiliza hadi mwisho, kichwa upande, akidhani labda itatokea baadaye. Sehemu ya mkutano ilipofika, fisi alisema leo ni siku ya kupiga kura, vizuri sana, na hakuna aliyecheka, si kwenye filamu wala ukumbini. Kisha mvua ya kutengeneza ikanyesha, sungura wakalia shambani katikati ya karoti zetu, kinanda kikalia nao, na kitambaa cha kuonyeshea filamu kikawa cheupe.

Watu walibaki wamekaa. "Weka sehemu ya pili," mtu akasema.

"Ndio mwisho," Madam Lugha akasema.

"Mwisho wa nini? Na sungura?"

"Sungura wameshindwa."

"Na nani?"

"Na fisi."

Mzee aliyejipangusa machozi kwa masikio siku ile akasimama, akavaa kofia yake. "Huyo hakuwa sungura," akasema. "Huyo alikuwa panya." Akatoka, na nusu ya ukumbi nyuma yake. Madam Lugha, naye ni haki nimwandike vizuri, alimwendea Zabloni pale ukutani na kumweleza kwa upole kwamba walirekebisha sauti kidogo tu, kwa ajili ya matamshi, na kwamba mwili wake ulisifiwa sana. Zabloni akasema, "Asante, Madam." Akaja akamshika mama yake mkono, wakaenda.

Juzi mjukuu wangu aliitafuta filamu ile kwenye simu akaipata, imelala huko pembeni bila mtazamaji. Tuliitazama pamoja. Sitasema ni mbaya. Masikio yangu yamesimama vizuri. Hasira ya Matiasi inaonekana, na ilikuwa hasira ya haki. Kinachonisikitisha ni kwamba alikuja kutoka mbali namna ile kuwacheka wenye tamaa, akakuta watu ambao tayari wanawacheka, wanajua hasa pa kuwachekea, akatunyamazisha ili tulie vizuri. Alikuwa ameshika kichekesho mkononi akakitupa akidhani ni ganda. Mjukuu wangu alilala kabla ya mvua.

Nikiishia hapo kingekuwa kisa cha filamu tu. Lakini Zabloni alirudi darasani wiki iliyofuata, akakaa mbele kabisa, akamwambia Mwalimu Ainea, "Nifundishe r." Akafundishwa. Nilimsikia akiitafuna njiani peke yake, rrr, rrr, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Mwanzoni r alizimwaga popote. Aliomba kanisani "Baba yetu uriye mbinguni" na watoto wakacheka, naye hakuwajibu kitu, yeye ambaye angewajibu hadi wakajuta. Kisha zikakaa. Mtihani ulipokuja, alinishinda Kiswahili. Cheti kilimpa kazi ya stoo ya mbolea, na sote tulimpongeza. Lakini alikuwa amejifunza kusimama kabla ya neno, kulitazama kwanza, kisha kulisema kwa sauti ndogo. Matangani akawa anakaa na wengine kwenye viti. Siku moja alinikuta sokoni akasema, "Habari yako, Rispa?" Niligeuka nyuma kuangalia ni nani anaitwa.

Na pale njia inapokata kushoto hakupaza tena. Nilikuwa kwao jioni moja tumekaa na mama tukingoja, jiko limelala, giza likaanza kuingia, mara mlango ukafunguka na Zabloni akasimama ndani. Mama alishtuka hadi mwiko ukaanguka. "Umefika?" akauliza. "Mbona hujasema?" Zabloni akasema alidhani tumelala. Mama akaanza kupapasa kuni, akisema ngoja, ngoja, sasa hivi naweka maji. Hakuwahi kuizoea ile saa isiyolia. Alifariki akiendelea kuuliza kila mlango ulipogongwa kama ni yeye.

Mara ya mwisho kumwona Zabloni ilikuwa wiki chache kabla ya kijana yule wa vipaza sauti. Alikuwa amelazwa akaruhusiwa kurudi nyumbani, na nyumbani ilikuwa palepale Matungu, ingawa jiko sasa ni la gesi. Alikuwa amekonda, urefu wote umekunjwa kwenye kiti cha mto. "Karibu, Rispa," akasema, herufi zote sawa, na tukazungumza yale wazee huzungumza, magoti na bei za dawa. Filamu hatukuitaja. Hatukuwa tumeitaja tangu ukumbini. Mkaza mwanawe akaleta chakula, ingokho ya mchuzi na obusuma inayofuka moshi, akatunawisha mikono, akatoka. Zabloni alitazama sinia kwa muda. Akanitazama mimi, mwili wangu huu wote, akalitazama tena paja la kuku lililokuwa upande wangu. Nikaona kitu kinaanza pembeni mwa mdomo wake, kitu nilichokiona mara ya mwisho juu ya meza katika stoo, chini ya taa kali. Akajivuta wima kitini, akapanua mikono.

"Haya, Lisipa," akasema, na sauti ilijaa chumba hadi mkaza mwana akachungulia mlangoni. "Tupige kura."

Tulipiga, mimi na yeye, hadi ikabaki mifupa.